Tahadhari na Kuta na Dari za Zamani

Kiangazi ndio wakati familia nyingi hutengeneza nyumba. Dari hubomolewa, kuta hutobolewa kupitisha nyaya za umeme, na fundi hufurahi kazi ikienda upesi. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia vumbi litokalo humo.

Katika nyumba nyingi zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, hasa za reli, za walimu na za zahanati, yalitumika mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Waliezekea, wakatengenezea dari, na penginepo wakagawia vyumba. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Ilipendwa kwa kuwa haishiki moto wala haipati kutu.

Utaitambuaje? Tuseme kweli: kwa macho peke yake huwezi kuwa na hakika, kwani hata mabamba ya siku hizi yasiyo na asbesto hufanana nayo. Maabara tu, kwa darubini, ndiyo hutoa jibu. Lakini zipo dalili za kukutia shaka. Bamba ni la kijivu, zito, na ukiligonga halilii kama bati. Juu ya paa huota kuvu na ukoga. Mahali lilipovunjika, ukingo huonyesha nyuzinyuzi. Nyumba ikiwa ya miaka hiyo na dalili hizi zipo, lihesabu kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Bamba zima lililotulia halina hatari kubwa. Liache, usilikwangue. Hatari huanza linapokatwa kwa msumeno, kutobolewa, kupigwa msasa au kuvunjwa kwa nyundo. Nyuzi zisizoonekana huruka hewani, zikaingia mapafuni na kubaki humo. Zinaweza kuleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40, ndiyo maana fundi hukucheka ukimwonya. Avutaye sigara huongeza hatari ya saratani ya mapafu maradufu na zaidi. Wapo pia akina mama waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao.

Kwa hiyo, kabla ya kubomoa, ombeni ushauri kwa maofisa wa mazingira. Hapa Tanzania ni NEMC. Kazi hii ni ya waliofunzwa, wenye barakoa maalumu. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii nyuzi hizo. Watoto wahamishwe kwa jirani. Mabamba hulowanishwa kwanza, yakatolewa mazima, yakafungwa kwa nailoni nzito mara mbili, na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Msiyachome: yakipata moto hupasuka kwa kishindo.

Na vile vipande vya zamani vilivyozagaa uani, ambavyo watoto huchorea chini kama chaki au mama huzibia banda la kuku? Msivifagie vikavu. Vimwagieni maji, kisha mwulizeni ofisa huyo huyo namna ya kuviondoa.