Pilau ya Soya

Jongo liliponishika mguu, daktari alinikataza nyama. Nami nikaacha na samaki. Chakula cha mchana kazini si taabu: Mombasa ina mbaazi za nazi, viazi karai, na mikahawa ya Wahindi isiyopika nyama abadani. Taabu ni Ijumaa. Mama watoto aliroweka soya kavu, akaitia katika pilau. Wasomaji wangu, nilitafuna sponji! Ijumaa iliyofuata aliikamua maji, akaikaanga kwa thomu na ndimu, ikalika. Lakini juzi arusini Kibokoni, niliposukuma mapande ya nyama ya biriani upande wa wenzangu, mzee mmoja aliniuliza iwapo nyama ya mwenyeji ina shaka. Ilinibidi nieleze habari za mguu wangu juu ya sinia, mwenyeji akisikia.