Goma: Chukudu inavyofundisha fizikia, na kwa nini mzigo mkubwa unagoma kusimama kwenye mtelemko

Barabara inayoshuka kutoka Kibumba hadi Goma, mkoani Kivu ya Kaskazini, inajulikana kwa chukudu zinazobeba makala, viazi na mbao. Kila mwendeshaji anajua kwamba kazi ngumu si kusukuma tu: kusimama nako ni kazi. Na hilo ndilo somo ambalo wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa Exetat hukutana nalo katika fizikia, chini ya jina la teorema ya nishati ya mwendo.

Teorema hiyo inasema hivi: ukijumlisha kazi ya nguvu zote zinazotenda juu ya kitu, unapata badiliko la nishati yake ya mwendo. Kazi ni nguvu mara umbali. Nishati ya mwendo ni nusu ya masi mara kasi mara kasi tena. Ni Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliyeingiza hiyo nusu na kulipa neno «kazi» maana yake ya kifizikia, katika kitabu alichotoa mwaka 1829.

Tuchukue mfano. Chukudu, mzigo na mtu wake vina kilo 300. Inakwenda kilomita 18 kwa saa. Hatua ya kwanza, ambayo wanafunzi wengi huisahau, ni kugawanya kwa 3,6: tunapata mita 5 kwa sekunde. Hatua ya pili: nishati ya mwendo ni nusu ya 300, mara 25, yaani joule 3 750. Hatua ya tatu: freni, kile kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, tuseme inazuia kwa newton 500. Kazi yake ni hasi, kwa sababu inavuta kinyume cha mwendo. Gawanya 3 750 kwa 500: chukudu itasimama baada ya mita 7 na nusu. Hatukuhitaji kujua imechukua sekunde ngapi, na hapo ndipo teorema hii inaokoa muda wa mwanafunzi.

Sasa kasi iongezeke mara mbili, iwe kilomita 36 kwa saa. Wengi watajibu mita 15. Si kweli. Kasi inajizidisha yenyewe, kwa hiyo nishati inakuwa joule 15 000, na umbali wa kusimama unafika mita 30: mara nne.

Hayo ni kwenye barabara tambarare, ambako uzito haufanyi kazi yoyote kwa kuwa chukudu haishuki. Kwenye mtelemko mambo yanabadilika. Barabara ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, uzito wa kilo 300 unasukuma mbele kwa newton 300 hivi. Freni ya newton 500 inabaki na 200 tu za kupunguza mwendo. Ile chukudu ya kilomita 18 kwa saa sasa inahitaji karibu mita 19. Ile ya kilomita 36 inahitaji mita 75.

Na mzigo ukiongezwa hadi jumla ya kilo 600? Uzito unasukuma kwa newton 600, freni inazuia kwa 500. Jumla ya kazi ni chanya. Chukudu haitasimama, itazidi kukimbia hata mguu ukikandamiza kwa nguvu zote, mpaka mtelemko uishe au ikutane na kitu mbele yake.

Kwa mwanafunzi, mfano huu una mambo matatu ya kukumbuka siku ya mtihani: geuza kasi iwe mita kwa sekunde, weka alama hasi kwa nguvu inayozuia, usisahau kazi ya uzito kwenye mtelemko. Kwa mwendeshaji, hesabu ni ileile: punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, na pima mzigo kwa uwezo wa freni, si kwa uwezo wa mbao kuubeba.