Mwanga Tusiouona, Sehemu ya Pili: Rimoti Kuwaka Si Kusema

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi kuhama kwa runinga kutoka analojia hadi dijitali, mwaka 2015, kulivyoleta king'amuzi nyumbani, na pamoja nacho rimoti nyingine ya kutunza. Sasa tuingie kwenye karakana. Kutoka Mwingi hadi Mutomo, kutoka Wote hadi Kibwezi, rimoti iliyogoma hupimwa kwa njia inayojulikana na kila fundi: ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, tazama kama kitaa cha mbele kinaonekana kikimetameta. Kikimeta, rimoti huhesabiwa kuwa nzima. Njia hii ni rahisi na haina gharama, lakini inajibu swali dogo kuliko lile alilokuja nalo mteja. Inathibitisha kwamba taa inawaka. Haithibitishi kwamba runinga inaambiwa kitu inachoweza kukielewa, na fundi asiyetofautisha mambo hayo mawili atamuuzia mtu kifaa asichokihitaji.

Tuangalie rimoti inasema nini. Taa yake hutoa miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, nje kabisa ya uwezo wa jicho. Haiwaki moja kwa moja. Kwa kawaida huwaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, maana yake kila mzunguko huchukua takriban mikrosekunde 26. Mapigo hayo ya kasi hukatwakatwa kuwa maneno. Katika utaratibu wa NEC, ambao umeenea sana, ujumbe huanza kwa mapigo ya milisekunde 9, kisha kimya cha milisekunde 4.5, kisha biti 32, kila moja ikianza kwa mapigo mafupi ya mikrosekunde 560. Kimya kinachofuata kikiwa kifupi ni sifuri, kikiwa kirefu ni moja. Kamera ya simu inayopiga picha 30 kwa sekunde ina milisekunde 33 kwa kila picha, muda unaotosha mizunguko zaidi ya elfu moja na mia mbili, pamoja na vimya vyake. Yote hayo kamera huyakoroga yakawa doa moja la zambarau. Isitoshe, kamera nyingi za nyuma zina kichujio kinachozuia infraredi, kwa hiyo rimoti nzima inaweza kuonekana imekufa mpaka fundi ageuze simu atumie kamera ya mbele.

Kinachohitajika ni fotodayodi na osiloskopu. Fotodayodi kama BPW34 hupitisha mkondo unaopanda na kushuka kadiri mwanga unavyopanda na kushuka. Iunganishwe kinyume na betri ya volti 9, yaani kathodi upande wa chanya, na anodi ipitie rezista hadi hasi. Probu ya osiloskopu ishike ncha mbili za rezista. Hapo kwenye rezista ndipo wanafunzi wengi hukwama. Rezista kubwa hutoa volti nyingi, kwa hiyo mtu huvutiwa kuweka megaomu moja. Lakini dayodi pamoja na waya wake huhifadhi chaji kidogo, na kwa rezista hiyo chaji huchukua takriban mikrosekunde mia moja kutoka. Mapigo ya mikrosekunde 26 hayasubiri. Kwenye skrini yanageuka kilima kimoja kilicholala. Ukiweka kiloomu 10, volti zinapungua lakini meno ya wimbi yanasimama wazi, moja moja, na rimoti iliyo sentimita tano kutoka kwenye dayodi bado hutoa ishara ya kutosha kusomeka bila kikuzaji. Halafu kuna jua. Karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi, na kule Makueni dirisha lililo wazi saa saba mchana humwaga mwanga kiasi kwamba dayodi hupitisha mkondo mpaka karibu volti zote 9 zinaishia kwenye rezista. Mstari hupanda juu ya skrini ukaganda, na rimoti haionekani hata ikisukumwa karibu. Dawa ni kipande cha bomba jeusi kinachofunika dayodi pande zote isipokuwa mbele, na meza iliyogeuzwa mgongo kwa dirisha.

Mchoro ukishapatikana, unasomwa. Meno yakiwa mafupi lakini muda wake sahihi, shuku betri, taa au transista inayoiendesha. Kitufe kimoja kikiwa kimya na vingine vikisema, shida iko kwenye mpira wa kitufe au njia zake za kaboni. Muda wenyewe ukiwa umepotoka, mapigo ya kwanza yakawa milisekunde 10 badala ya 9, tazama kile kijipande cha kauri cha kilohezi 455 kinachopatikana kwenye rimoti nyingi za zamani: ndicho kinachopanga mwendo wote, na rimoti ikianguka sakafuni kinaweza kupata ufa. Rimoti zinazogawanya mwendo huo kwa 12 hupata karibu 38,000 ile tuliyoitaja. Kwa hiyo kasi ya meno na urefu wa ujumbe hupotoka pamoja kwa kiwango kilekile, na kipimo kimoja kinathibitisha kingine. Rimoti kama hiyo huwaka vizuri sana kwenye simu, ilhali kipokezi cha runinga kimeundwa kusikiliza karibu na 38,000, na kadiri mwendo unavyojitenga ndivyo kinavyozidi kuwa kiziwi.

Kuna watakaosema rimoti mpya ni shilingi mia chache, basi mtu anunue yaishe. Hoja hii ina uzito, na mara nyingine kununua ndiko busara. Lakini inachukulia kwamba kosa liko kwenye rimoti, na hilo ndilo halijapimwa. Ishara ikionekana timamu kwenye osiloskopu, fundi anageukia kipokezi ndani ya runinga: mguu wake wa kutolea ishara hukaa juu ukiwa umetulia, na hushuka kila mapigo yanapofika. Usiposhuka, hata rimoti tano mpya hazitasaidia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gharama ya osiloskopu. Wapo wanaopendekeza tundu la maikrofoni la kompyuta badala yake. Linafaa nusu ya kazi. Kadi ya sauti ya kawaida huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na ili kuona mapigo 38,000 inahitaji zaidi ya maradufu ya hayo, yaani zaidi ya 76,000. Hata hivyo, ukiiunganisha kwa uangalifu na kipokezi kilichokwisha kuondoa mapigo ya kasi, itaonyesha mpangilio wa milisekunde, na biti zote 32 zinahesabika. Lililofichika ni mwendo wenyewe, ambao ndio kosa la kile kipande cha kauri. Kwa hilo hutosha osiloskopu ndogo ya kujiundia yenye sampuli milioni moja kwa sekunde, ambayo hutoa nukta kama 26 kwa kila mzunguko. Mtaala wa fizikia wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni uliweka osiloskopu na athari ya fotoelektriki katika kidato cha nne, na vijana wa Kitui na Makueni wamejibu maswali ya mitihani juu ya vyote viwili. Chombo kimoja cha aina hiyo, dayodi chache na rimoti mbovu zilizokusanywa sokoni vingeweza kuhudumia darasa zima katika chuo cha ufundi cha Wote au maabara ya chuo kikuu kule Kwa Vonza. Sehemu ya tatu itachukua dayodi hiyohiyo hadi hospitalini, kwenye kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni kwa mwanga mwekundu na infraredi.