Cheti cha ukutani hakimwokoi mtoto aliyepaliwa

Mwanasesere alikuwa wa plastiki, shingo imelegea kwa kushikwa sana. Mwezeshaji wa semina alimkabidhi mama mmoja wa makamo, mlezi wa siku nyingi katika kituo cha kulelea watoto mchana huko Mbagala, akamwambia: "Mama, mtoto amepaliwa na uji. Hatoi sauti, midomo inabadilika rangi. Haya, msaidie."

Yule mama hakusita. Alimwinua mwanasesere, akampuliza utosini, akampuliza tena, kisha akampigapiga kichwani kwa kiganja. Ukumbi ulikaa kimya. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengi wetu tuliokaa kwenye vile viti tungefanya hivyohivyo. Ndivyo tulivyoona mama zetu na bibi zetu wakifanya.

"Nilishafundishwa hili," alisema kwa sauti ya chini huku akimrudisha mwanasesere. "Lakini ni zamani. Cheti ninacho."

Mwezeshaji akakaa, akamlaza mwanasesere kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini kuliko kifua, taya ameishika kwa vidole. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupigwa makofi matano katikati ya mabega, kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kilichokwama kisipotoka, anageuzwa chali na kubonyezwa katikati ya kifua mara tano, chini kidogo ya usawa wa chuchu, kisha makofi tena, huku mtu mwingine akikimbilia msaada. Alionyesha mara moja tu. Saa nzima iliyofuata ilikuwa ya walezi wenyewe, mmoja baada ya mwingine, hadi makofi yakaanza kusikika kwa mpigo mmoja.

Saa ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Tumezoea kudhani kwamba mlezi akishahudhuria semina moja, akapigwa picha na kupewa cheti, basi amefunzwa. Lakini mtoto anapokata pumzi mbele yako, mkono hauulizi cheti kinasema nini. Unafanya ulichozoea. Aliyezoea kupuliza utosini atapuliza, na sekunde zinakwenda.

Nchi nyingine zimelitambua hilo na kuliweka kwenye kanuni. Uingereza, mafunzo ya huduma ya kwanza ya watoto kwa wanaolea watoto wadogo kwa kazi hutakiwa kurudiwa kila baada ya miaka 3. Marekani kuna cheti cha walezi kiitwacho CDA, kinachodai saa 120 za masomo, na hicho nacho huhuishwa kila baada ya miaka 3. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, na Desemba 2021 Serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inataja nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio na fursa za kujifunza mapema. Ni maneno mazuri, na ninayaamini. Lakini nguzo zote tano, kuanzia saa moja asubuhi hadi jua linapozama, ziko mikononi mwa dada aliyekaa kwenye mkeka na watoto wanane.

Nasema hivi nikiwa mama. Likizo ya uzazi ya mfanyakazi hapa nchini ni siku 84. Mwanangu wa kwanza hakuwa hata na miezi mitatu nilipomkabidhi kwa mlezi na kupanda daladala ya kwenda kazini huku nalia. Dada yule alimpenda mwanangu, sina shaka. Lakini siku moja niliwahi kurudi nikamkuta mtoto amelazwa chali, chupa ya maziwa imeegemezwa kwenye mto ili ajinyweshe mwenyewe, na maziwa yanamwingia puani. Nilipomuuliza, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni hatari. Kituo kilimpa kanga ya kubebea watoto na ratiba ya uji, basi.

Mfano wa kujifunzia hauko mbali. Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu Swafiya Said alianza kuwaandaa wanawake wa mtaani kufundisha watoto wadogo katika shule za awali za madrasa, kwa msaada wa taasisi za Aga Khan. Mpango ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Wengi wa wanawake wale hawakuwa walimu. Walifundishwa kidogo, wakarudi kwa watoto wao, na mkufunzi akawafuata hukohuko darasani, akakaa nao, akatazama, akasahihisha, akarudi tena.

Umuhimu wa kuwafuata niliushuhudia wiki chache baada ya semina ya Mbagala. Walezi walikuwa wamefundishwa kutengeneza kayamba za watoto kwa chupa za maji na vijiwe. Ukumbini kila chupa ilifungwa vizuri na kila mtu alipigiwa makofi. Tulipofika kwenye kituo kimoja, mwezeshaji alivua kandambili mlangoni, akakaa mkekani na kuokota kayamba iliyokuwa mdomoni mwa mtoto. Kizibo kilikuwa kimelegea. Alikizungusha mara moja kikatoka, vijiwe vikamwagika kiganjani mwake, kila kimoja saizi ya kuziba koo. Hakumgombeza mtu. Alimuuliza mlezi, "Dada, tufanyeje?" Wakakubaliana kizibo kiyeyushwe kwa moto na kugandishwa, na kila asubuhi kabla watoto hawajafika mlezi avute vizibo vyote. Semina ya ukumbini haikuweza kukiona kizibo kile. Ilibidi mtu aende, akae chini.

Kuna mengine yanayohitaji muda zaidi kuliko kizibo. Bibi mmoja, mlezi hodari anayependwa na watoto, alisimama semina ikiendelea na kusema mtoto mwenye degedege hapigwi sindano, akipigwa anakufa. Vichwa vingi viliitikia. Mwezeshaji alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza amewaona wangapi na ilikuwaje, ndipo akaeleza kwa upole: mtoto alazwe ubavu, nguo za kubana zilegezwe, asitiwe kitu chochote mdomoni, na apelekwe kituo cha afya upesi, kwa sababu degedege hiyo inaweza kuwa dalili ya malaria kali. Bibi alikaa. Sidhani kama alishawishika siku ile. Imani aliyokua nayo mtu tangu utoto haing'oki kwa saa mbili za Jumamosi. Itamlazimu mwezeshaji arudi, na bibi asikie tena, safari hii labda kutoka kwa mlezi mwenzake.

Nimewasikia wamiliki wa vituo wakisema mafunzo ni gharama, na kwamba mlezi akishafunzwa atahamia kwingine. Hofu yao naielewa. Lakini wengi wa walezi niliokaa nao hawakulalamikia kufunzwa. Walilalamikia kukatwa ujira wa siku, na kujitolea nauli mfukoni. Mmoja alikuja na nguo za watoto wake ndani ya ndoo, akazifue kwa ndugu yake akitoka semina, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kufua. Mtu wa namna hiyo anataka kujifunza. Anachokosa ni siku ya kujifunzia.

Basi mzazi mwenzangu, Jumatatu utakapomfikisha mtoto kituoni, kabla hujageuka kuwahi daladala, muulize mwenye kituo maswali mawili: walezi wake walifundishwa mara ya mwisho lini, na siku hiyo walilipwa? Akijibu kwamba hawajaenda kwa sababu hakuna wa kubaki na watoto, zungumza na wazazi wenzako muone nani anaweza kumchukua mwanawe mapema mara moja kwa miezi mitatu, ili dada wale waende.