Mkono wa fistula ni uhai: uupapase kila asubuhi

Na Daktari Wetu

IKIWA wewe au jamaa yako husafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeacha kufanya kazi, huenda umewahi kuonyeshwa mshipa uliovimba mkononi na kuambiwa, "Hii ndiyo fistula." Wengi huitikia kwa kichwa bila kuelewa. Wengine hushtuka, kwani hapa kwetu neno hilo limezoeleka kwa akina mama wanaovuja mkojo baada ya kujifungua kwa shida. Hii ni fistula nyingine kabisa, na si ugonjwa. Ni njia iliyotengenezwa na daktari wa upasuaji ili damu itoke mwilini, ipite kwenye mashine na kurudi ikiwa safi. Njia hiyo ikiziba, mashine haina msaada.

Fistula ni nini?

Mashine huhitaji kupitisha mililita 300 za damu au zaidi kila dakika, kwa muda wa saa 4 hivi. Vena, yaani mishipa ile ya juu juu tunayotolewa damu ya kupimwa, haiwezi kutoa kiasi hicho. Ateri, mishipa inayotoka kwenye moyo, ina nguvu ya kutosha lakini imejificha ndani na haifai kudungwa kila mara. Ndiposa mwaka 1966 madaktari Brescia, Cimino na wenzao wa New York, Marekani, wakatangaza njia ya kuunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono. Damu yenye nguvu huingia kwenye vena, nayo hupanuka na kuwa nene hata iweze kustahimili sindano kubwa mara 2 au 3 kwa wiki.

Lakini vena hiyo huhitaji wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa, na nyingine hazikomai kamwe. Mgonjwa anayefika hospitali figo zikiwa zimekwisha hana muda wa kungoja. Huwekewa katheta, yaani mpira unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Mpira huo huokoa maisha, lakini ni mlango wa viini kuingia damuni. Ukikaa sana huweza pia kufanya mshipa huo mkubwa uwe mwembamba, na baadaye fistula ya upande huo ikakosa kufaulu.

Kwa mkazi wa Isiolo jambo hili lina uzito zaidi. Mpango wa serikali wa kukodisha vifaa ulioanza mwaka 2015 ulifikisha mashine za kusafisha damu katika hospitali nyingi za kaunti. Hata hivyo, madaktari wa kupasua mishipa ni wachache, na fistula ikiharibika huenda ukalazimika kusafiri hadi Nairobi, karibu kilomita 280.

Walio hatarini zaidi

Fistula hushindwa kukomaa au huziba upesi kwa wazee, wagonjwa wa kisukari, wavutaji sigara, na wanawake wengi kwa kuwa vena zao ni ndogo. Wengine ni wale waliodungwa sindano nyingi kwenye mkono huo miaka iliyotangulia.

Presha ya damu ikishuka, damu hupita polepole na kuganda. Hutokea maji mengi yanapotolewa kwa mashine, au mtu anapohara na kutapika wakati wa jua kali. Mgonjwa anayenuia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kwanza. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Dalili za hatari

Kila asubuhi, weka vidole juu ya fistula. Utahisi mtetemo usiokoma, kama paka anapokoroma mapajani. Ukiitegea sikio utasikia mvumo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya:

• Mtetemo umepungua au umetoweka. Usingoje siku ya mashine. Fistula iliyoziba ikishughulikiwa mapema huweza kufunguliwa. Ukikawia, nafasi hiyo hupotea.

• Wekundu, joto, usaha au homa.

• Vidole kuwa baridi, kufa ganzi au kuuma. Huenda fistula inavuta damu inayostahili kufika kwenye kiganja.

• Mkono mzima kufura.

• Uvimbe wa mshipa unaokua haraka, au ngozi juu yake kuwa nyembamba na kung'aa. Huu unaweza kupasuka.

Damu ikianza kuruka, bonyeza kwa nguvu papo hapo inapotoka, inua mkono juu, na uite watu wakukimbize hospitali. Usiache kubonyeza ili kuchungulia.

Jinsi ya kuulinda mkono

Usikubali kupimwa presha, kutolewa damu wala kuwekewa dripu kwenye mkono wa fistula, hata muuguzi akiwa na haraka. Mweleze kwa heshima.

Usibebe mtungi wa lita 20 kwa mkono huo, wala usiulalie. Saa ya kubana, bangili na shanga zilizokaza zihamishiwe mkono wa pili. Usichanjwe chale, usichomwe, wala usifanyiwe hijama kwenye mkono huo. Uoshe kwa sabuni na maji kabla ya kila kipindi cha mashine, na umwombe muuguzi abadilishe mahali pa kudunga. Kudungwa pahali pamoja kila mara huidhoofisha ngozi na mshipa.

Kwa ambaye hajafika huko

Kama una kisukari au presha, figo zako zipimwe kwa damu na mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Ukiambiwa zinadhoofika, uliza habari za fistula mapema, kabla ya siku ya dharura. Kuanzia hapo, linda vena za mkono usioandikia: omba damu itolewe nyuma ya kiganja.

Mwili una sehemu chache tu zinazofaa kutengenezwa fistula. Kila moja inayoharibika haiwezi kununuliwa dukani. Papasa mkono wako leo, na umfundishe mtu mmoja nyumbani kuupapasa pia, kwa ajili ya siku ambayo wewe mwenyewe hutakuwa na nguvu.