Diwani huchaguliwa kwa sura ya rais, ushuru hulipwa na mchuuzi

Mfanyabiashara anayevusha nguo, nafaka au samaki mpakani hukutana na serikali mbili. Ya kwanza ina bendera, forodha na uhamiaji, na ndiyo inayojadiliwa kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha. Ya pili haina makuu. Ina kitabu cha stakabadhi, au siku hizi mashine ndogo ya mkononi, na mtu wake husimama kwenye geti la soko, stendi au kizuizi cha mazao. Ile ya kwanza imelegeza kamba kiasi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Ya pili hujipangia tozo zake, na wanaozipitisha ni madiwani.

Kwa hiyo mtu angetegemea diwani achaguliwe kwa hesabu za soko: choo kinafanya kazi au la, taa za stendi zinawaka au la, meza inalipiwa kiasi gani kwa siku. Mara nyingi sivyo. Siku ya kura hayo huwekwa kando, na kinachobaki ni nani awe rais.

Kenya inaonyesha jambo hili waziwazi. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47 zenye wadi 1,450, na kila wadi humchagua mwakilishi wake, MCA, ambaye wengi mitaani bado wanamwita diwani ingawa mabaraza ya zamani yaliondoka na uchaguzi wa Machi 4, 2013. Katiba hiyo imezipa kaunti masoko, leseni za biashara na maegesho. Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha sheria yake ya fedha, na humo ndimo inamopangwa bei ya kibali cha duka na ada ya kushusha mzigo sokoni. Ni sheria inayomgusa mchuuzi kila siku, lakini huyo MCA anayeipitisha huchaguliwa siku moja na rais, gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake. Karatasi sita kwa mkupuo mmoja.

Wanasiasa wameipa namna hiyo ya kupiga kura jina la suti: ukimpenda kinara wa chama, usivae koti ukaacha suruali, chukua vipande vyote sita. Ujumbe huo hutolewa jukwaani na kinara mwenyewe, ameshuka kwenye helikopta, akiinua mkono wa mgombea wa wadi ambaye pengine jina lake ameambiwa dakika mbili zilizopita.

Kaunti ya Busia, iliyoshikana bega na Uganda, ina mfano mzuri, ingawa ni wa kiti cha gavana. Mwaka 2017 Dkt. Paul Otuoma, aliyewahi kuwa waziri, aligombana na chama chake cha ODM baada ya mchujo, akasimama kama mgombea huru. Alishindwa na Sospeter Ojaamong wa ODM. Mwaka 2022 Otuoma alirudi akiwa na tiketi ya ODM, akashinda. Ni kweli Ojaamong alikuwa amemaliza mihula yake miwili, kwa hiyo chama si jibu lote. Lakini watu wa Busia walimfahamu Otuoma mara zote mbili. Chama cha Raila Odinga, ambacho eneo hilo lilikifuata katika mbio za urais, mara ya kwanza kilikuwa dhidi yake na mara ya pili kilikuwa naye.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba, kwenye ngome ya chama, uchaguzi wenyewe ni mchujo. Anayesubiri Agosti akamhoji mgombea kuhusu ada za soko amefika mnada umekwisha. Hata hivyo wadi haifungwi kabisa na suti: katika kila uchaguzi Kenya hupata makumi ya MCA walioingia kama wagombea huru. Wadi ni ndogo, na majirani wakimjua mtu kwa kazi yake wanaweza kumpa kura bila kuuliza chama.

Tanzania mlango huo haupo. Mgombea wa ngazi yoyote lazima apitishwe na chama, na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, haijabadili hilo. Soko zima linaweza kumtaka mwenzao, lakini chama kikimkata, habari yake imeishia hapo. Madiwani huchaguliwa siku moja na rais na wabunge. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla, na huo ndio huchukuliwa kama kipimo cha joto la uchaguzi mkuu.

Mwaka 2019 Chadema na vyama vingine vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Novemba 2024 upinzani ulishiriki, lakini CCM bado ilipata zaidi ya asilimia 98. Oktoba 2025 Chadema haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Hapo siasa ya taifa imepita hatua ya kumshawishi mpiga kura. Inaamua kama atakuwa na wa kumchagua. Na diwani aliyepata kiti kwa njia hiyo ana sababu ndogo sana ya kuogopa hasira za wenye meza.

Mkono huo wa juu wakati mwingine humsaidia mchuuzi. Bajeti ya serikali ya mwaka 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, uamuzi ambao madiwani wenyewe, wakiwa na bajeti za kujaza, wasingekuwa na haraka nao. Wakati mwingine humkaba. Mwishoni mwa Julai 2025, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilipiga marufuku wasio raia kupewa au kuongezewa leseni za aina 15 za biashara, zikiwamo saluni, ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu na ununuzi wa mazao shambani. Wakenya walilalamika. Ila Mkenya mwenye saluni upande wa Tanzania hana kura huko.

Na hili ndilo donda la biashara ya mpakani: mtu hulipa ushuru mahali asipopiga kura. Mganda anayeuza matunda Busia ya Kenya huchangia kaunti ambayo MCA wake hamhitaji.

Uganda ina utaratibu wake. Wenyeviti wa LC1, ambao barua yao huhitajika kwa mambo mengi ya kila siku, walichaguliwa Julai 2018 kwa mara ya kwanza tangu 2001, na watu walipanga mstari nyuma ya mgombea. Muuza duka aliyesimama nyuma ya mpinzani alionekana na wateja wake wote. Viongozi wa wilaya na kata ndogo hupigiwa kura za siri, lakini siku kadhaa baada ya kura ya rais, wakati mshindi wa taifa keshajulikana na wengi wameshachoka.

Kwa asiye na kura, Kenya imeacha mwanya: kabla sheria ya fedha ya kaunti haijapitishwa, maoni ya umma lazima yachukuliwe, na chama cha wafanyabiashara kinaweza kupeleka maandishi hata kama nusu ya wanachama wake wanalala ng'ambo ya mpaka. Uchaguzi ujao wa nchi hiyo ni Agosti 10, 2027. Mchujo wa vyama utatangulia, na katika wadi nyingi za mpakani MCA atakuwa amekwisha kupatikana hapo.