Jiko la Mkaa na Hewa ya Chumba Kilichofungwa

Baridi ya Juni na Julai hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Mbulu. Dongobesh, au Gitting chini ya Mlima Hanang, jioni tunafunga mlango na dirisha, tunaziba nyufa kwa matambara, na wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Hapo tunafanana na wanaanga.

Mtu mzima hutoa kwa pumzi kiasi cha kilo 1 ya kaboni dioksidi kwa siku. Chombo cha angani hakina dirisha la kufungua. Hewa hiyo isipoondolewa huleta kuumwa kichwa, kuhema, usingizi mzito na mwisho kifo, hata kama oksijeni bado ipo. Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo cha Wamarekani, Apollo 13, lilipasuka njiani kwenda mwezini. Watu 3 wakahamia katika chombo kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya 2. Makopo ya dawa ya kunyonya kaboni dioksidi humo hayakutosha, na yale ya chombo kikubwa yalikuwa ya mraba, hali matundu ni ya mviringo! Wakayaunganisha kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mipira ya nguo zao na utepe wa gundi, wakarudi salama.

Sisi dirisha tunalo. Lakini jiko la mkaa hutoa hewa nyingine iliyo mbaya zaidi, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa pumzi usingizini bila kushtuka. Wengi hudhani mkaa uliokolea, usio na moshi, hauna madhara. Sivyo kabisa. Hata sufuria ya maji kando ya jiko hainyonyi hewa hiyo.

Oteni moto mlango ukiwa wazi, kisha kabla ya kulala toeni jiko nje, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Dirishani acheni upenyo. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wameamka na kichwa kinauma, wana kichefuchefu na miguu imelegea, msiseme upesi kuwa ni malaria. Fungueni, tokeni nje wote, aliyezimia abebwe kwanza, na huko hospitali mwambieni mganga kwamba ndani kulikuwa na jiko.